Msanii gani wenzako wanamwita mfalme, wewe ukimsikia unatafuta mlango?

#1 Kitasa Kibovu
Wakuu, heshima kwenu.

Naanza mwenyewe ili msiseme nimewatega: Diamond Platnumz. Kabla hamjaokota mawe, sisemi hana kipaji. Enzi za Kamwambie nilikuwa upande wake kabisa. Lakini hizi ngoma zake za kuchezeka za miaka ya karibuni, ikianza tu mwili wote unakataa. Mke wangu anazijua kuanzia ala ya kwanza mpaka ya mwisho, anakatika nazo jikoni huku kashika mwiko. Spika ile ile, nyumba ile ile.

Sasa nauliza: kosa ni la wimbo au la msikilizaji? Tupia jina la msanii au wimbo ambao watu wote wameukubali ila wewe umekushinda, na utoe sababu. "Simpendi tu" haikubaliki hapa.

#2 Nguru wa Chango
Nimekaa mkao wa kula. Uzi huu utafika kurasa kumi.

#3 Simba wa Tandale
Roho mbaya haijengi mkuu. Mtu katoka Tandale, kaimba na Davido, Ne-Yo na Rick Ross, wewe umejifungia chumbani na bando la jero unamchambua. Kaa na mkeo akufundishe kucheza.

#4 Mama Nasra
Mimi si msanii mmoja, ni singeli yote kwa jumla. Nakaa Manzese. Ikianza Ijumaa jioni hapo nyuma ya nyumba, vikombe kabatini vinagongana, mfuniko wa sufuria unatembea wenyewe mpaka unaanguka. Siwezi kutofautisha wimbo mmoja na mwingine, siwezi kusikia anachosema, na mapigo ya moyo nayo yanataka kufuata. Nina presha, wanangu.

#5 Mburahati Ndani Ndani
Mama Nasra shikamoo. Pole na presha. Ila naomba nitetee nyumbani.

Singeli ukiipunguza mwendo utakuta ni taarab. Madj wa vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, walikuwa wanachukua vile vipande vya kinanda vya taarab ya kisasa, wanavizungusha, wanaviongeza kasi, kisha MC anapanda juu anaghani. Leo ngoma inakwenda mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Watu wakicheka huku kwetu, mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso hapa hapa Mburahati, na tangu hapo vijana wetu wanaitwa kwenye matamasha Ulaya. Wazungu wanalipa kiingilio kusikia kitu ambacho mama yangu unakipata bure.

#6 Mama Nasra
Marahaba mwanangu. Basi wakae nayo huko huko Ulaya.

#7 Fidla ya Vuga
Hebu ngoja kijana wa Mburahati. Taarab gani unayoisema? Hicho mlichokiongeza kasi si taarab, ni mipasho na kinanda. Taarab ina udi, ina kanuni, nai, fidla, na watu wamekaa kitako wanasikiliza shairi. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, watu wakanunua sahani zake pwani nzima, na hakurusha roho ya mtu. Rusha roho ilivyoingia miaka ya tisini, mambo yakageuka: mtu anainuka na noti mkononi, anamtunza mwimbaji huku anamkodolea macho jirani yake. Wimbo umekuwa barua ya matusi.

Mie namheshimu Khadija Kopa, sauti Mwenyezi Mungu kampa. Lakini taarab ya kisasa ikipigwa kwenye harusi najifanya nina simu.

#8 Dada wa Saluni
Mzee wa Vuga umekosea njia. Siti mwenyewe aliimba kesi za mahakamani na mambo ya mtaani, akachoma watu vizuri tu. Tofauti ni kwamba nyie mliochomwa siku hizo mmeshafariki.

#9 Fidla ya Vuga
Binti, hilo la Siti kuimba mambo ya watu ni kweli. Lakini alifumba. Nyinyi siku hizi mnataja mpaka rangi ya kanga.

#10 Kitasa Kibovu
Naona kitu hapa. Mzee wa Vuga hapendi taarab ya kisasa, Mama Nasra hapendi singeli, na kuna mtoto wa singeli keshokutwa atakuja kulalamikia kitakachofuata. Basi ni umri tu? Muziki ulioukuta na miaka 18 ndio muziki, mengine kelele?

#11 Dr wa Mchongo
Umri sehemu tu. Kuna jambo la kisaikolojia. Robert Zajonc mwaka 1968 aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na alama zinazofanana na za Kichina. Vile vilivyorudiwa mara nyingi ndivyo walivyosema vinapendeza zaidi. Hawakuvielewa, walivizoea tu. Kwa hiyo kisayansi wimbo ukipigwa sana ulitakiwa uupende. Anayesema "umenichosha" ana jambo lingine moyoni.

#12 Konda Msomi
Huyo Zajonc hajapanda gari la Rangi Tatu–Makumbusho saa kumi na moja jioni. Dereva wangu ana flashi moja yenye nyimbo kama ishirini, na amepotelea kwa mmoja kati ya hizo. Kufika Mtoni kwa Azizi Ali tumeshausikia tena. Nimeanza kuuchukia hata kabla sijajua nani kaimba.

#13 Bint Kisauni
Dokta, Zajonc umemnukuu sawa ila umeishia njiani. Waliokuja baada yake, hasa Daniel Berlyne miaka ya 1970, walieleza kwamba mazoea hayapandi tu, yana kilele. Mwanzo kitu kigeni hakikuingii, ukikizoea kinanoga, ukizidishiwa kinashuka. Na wimbo mwepesi unafika kileleni upesi na kushuka upesi. Ndio maana goma la kiangazi linakuwa tamu wiki tatu halafu hutaki hata kulisikia.

#14 Konda Msomi
Umemaliza dada. Dereva wangu yuko kileleni bado, abiria tumeshashuka.

#15 Mchota Barafu
Habari za humu. Mimi nafanya kazi hoteli moja Kaskazini Unguja, mgahawani. Wimbo wangu ni Jambo Bwana, na naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu hakuna mtu humu aliyeusikia kama mimi.

Saa mbili usiku wageni wamekaa, bafe imefunguliwa. Vijana wa bendi wanaingia na gitaa, ngoma na kayamba, wanapita meza hadi meza. Sisi wahudumu tunatakiwa tupige makofi na kuitikia. Sasa wewe jaribu kupiga makofi na trei ina glasi za mvinyo. Tunapiga kwa vidole vya mkono mmoja juu ya kiganja kilichoshika trei, na meneja yuko pale kwenye nguzo anaangalia nani kanuna. Wimbo ukiisha, meza ya pili wanasema hawakuurekodi vizuri, wanaomba urudiwe. Siku ya kuzaliwa ya mgeni, keki inatoka na wimbo ule ule. Wageni wapya wakishuka kwenye gari, wimbo ule ule, na taulo za baridi.

Sasa mtoa mada umeuliza kosa ni la nani. Wimbo hauna kosa. Umetungwa vizuri kiasi kwamba mtu aliyeshuka ndege leo, hajui hata kuomba maji kwa Kiswahili, anaudaka papo hapo. Ungekuwa mbovu ningeshapumzika zamani.

#16 Nguru wa Chango
Daah, pole sana kaka. Si wa Boney M ule?

#17 Bint Kisauni
Hapana! Msitunyang'anye. Ni wa Them Mushrooms, bendi ya Mombasa, na mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison. Waliutoa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wanapiga muziki kwenye mahoteli ya pwani, kwa hiyo ulizaliwa kwa ajili ya wageni hao hao anaowasema Mchota Barafu. Boney M walikuja na toleo lao mwaka 1983.

#18 Mchota Barafu
Ahsante dada. Wametoka hotelini wakaniachia mie.

#19 Mpaka Kiwi
Post #15 imenigusa. Wangu ni Jim Reeves.

Nimekulia Moshi. Jumapili baada ya ibada baba anatoa redio ya kaseti, anaweka Jim Reeves, halafu kazi zinaanza: viatu vya wote watano vinapangwa kwenye ngazi, mimi napaka kiwi, kaka anapekua vitabu vya hesabu kutafuta daftari lililopotea, na baba anapitia madaftari moja moja. Ile sauti nzito ya upole ikisema taratibu taratibu, wewe unajua anakaribia kufungua daftari la hesabu. Mpaka leo nikiusikia mahali popote, hata dukani, nanusa kiwi na tumbo linakata.

Watu wananiambia ana sauti ya malaika. Siwabishii. Mimi nasikia Jumatatu inakuja.

#20 Mzee wa Korogwe
Binti yangu, pole. Lakini mimi ni hiyo hiyo Jumapili na sauti hiyo hiyo, na ndiyo inayonitoa machozi ya raha. Baba yangu alikuwa hatoi neno jema wiki nzima isipokuwa akimsikiliza Reeves. Alifariki kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, Reeves namaanisha, na mpaka leo vijiji vyetu vinamjua kuliko waimbaji walio hai.

#21 Dr wa Mchongo
Hapo #19 na #20 mmeua hoja ya umri na ya kurudiarudia kwa pamoja. Kumbe ni kumbukumbu iliyogandana na wimbo.

#22 Mburahati Ndani Ndani
Hata hivyo haijamsaidia Kitasa. Wimbo mpya haujapata hata muda wa kugandana na kitu.

#23 Redio ya Mbao
Nimechelewa, ila nina kesi. Bolingo la kuanzia mwisho wa miaka ya tisini. Franco, Tabu Ley, Mbilia Bel, hao nawaabudu. Lakini bendi ya Wenge Musica ilivyovunjika mwaka 1997 na kila mtu akaenda na kundi lake, ikawa majina. Wimbo una dakika tisa, nusu yake anataja mfanyabiashara wa almasi, mwanasiasa, mwenye duka la nguo Brussels, mtoto wa mwenye duka, mke wa mtoto. Ukitafuta wimbo wenyewe umekwisha.

#24 Mwana Goma
Mie niko Goma. Kaka wa Redio ya Mbao, yale majina si kelele, ni mshahara. Tunaita mabanga. Kanda ilikuwa inatoka asubuhi, jioni imekwisha kunakiliwa Kinshasa yote, na hela ya haki ya mtunzi hakuna anayeiona. Mwanamuziki ana watu ishirini wa bendi wanataka kula. Tajiri anasema nitaje, analipa. Wewe usingetaja?

Tena nyinyi watu wa Bongo msicheke. Kila wimbo wenu unaanza kwa jina la prodyuza, halafu jina la lebo, halafu msanii anajiita mwenyewe mara tatu kabla hajafungua mashairi. Hayo ni mabanga, ila ya bure.

#25 Konda Msomi
😂😂😂 Mabanga ya bure. Nimezima data kwa dakika nzima nicheke vizuri.

#26 Kitasa Kibovu
Mwana Goma, ukitaka ukweli hiyo ndiyo inayonikera. Kwamba kabla wimbo haujaanza nimeshatambulishwa watu wanne kama niko kwenye kikao cha harusi.

#27 Simba wa Tandale
Sababu zimehama. Mwanzo mwili ulikataa, sasa ni utambulisho. Kesho utasema ni viatu.

#28 Wanjiku wa Umoja
Niaje wasee, nawasoma kutoka Nairobi. Kwangu ni gengetone. 2018 Ethic walipotoa Lamba Lolo nilifurahi, nikasema at last tuna kitu chetu cha mtaa, hatuigi Naija. Mwaka uliofuata kila kijana mwenye simu ana kikundi, mistari ni ileile, wasichana tunatukanwa kwa kupokezana. Nilikuwa napanda mathree asubuhi nikienda kazi, saa kumi na mbili na nusu, na mtu anapiga kelele mambo ya chumbani na watoto wa shule wamekaa hapo na sweta zao.

Halafu serikali ikaingilia ikaharibu zaidi. Mutua wa KFCB, bodi ya filamu ya huku Kenya, akatangaza 2019 kwamba Wamlambez na Tetema zisipigwe nje ya vilabu na baa. Waliokuwa hawazijui wakaenda kuzitafuta. Kama vile TCRA wenu, wale wa mawasiliano, walivyofungia Mwanza ya Rayvanny.

#29 Kabati la Kanda
Sahihisho dogo dada Wanjiku: Mwanza ilifungiwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, Novemba 2018. Desemba Rayvanny na Diamond wakaipiga jukwaani huko huko jijini Mwanza, ndipo BASATA wakawafungia na wao wenyewe, kisha wakawaachia mwanzoni mwa 2019. TCRA ndio waliokuja na orodha ya nyimbo za kutopigwa redioni mapema 2018.

Na jambo la kuongeza: kufungia wimbo huku kwetu si jipya. Marehemu Remmy Ongala aliimba Mambo kwa Soksi kuhusu kondomu wakati ukimwi unamaliza watu, Radio Tanzania hawakuurusha. Waliokuwa hawauwezi ule wimbo walisema ni uchafu. Leo ungepigwa zahanati.

#30 Mama Nasra
Remmy nilimwona kwa macho yangu na Super Matimila. Yule akiimba unasikia kila neno. Ndiyo hoja yangu tangu #4, maneno yasikike.

#31 Mtangazaji Mstaafu
Nimevumilia nimeshindwa. Wote mnazungumzia masikio, hakuna anayezungumzia meza ya redio.

Nilifanya kazi kwenye stesheni moja ya mkoani, sitaitaja. Asubuhi nakuta karatasi imebandikwa ukutani, nyimbo za "lazima". Zipo za mara moja kwa siku na zipo za kila kipindi. Promota anakuja na bahasha anaita hela ya soda. Kijana mwenye wimbo mzuri lakini hana bahasha, wimbo wake unakaa kwenye droo. Mimi mwenyewe niliupiga wimbo mmoja asubuhi, mchana na jioni huku nimepunguza sauti ya spika za studio nisiusikie, halafu nafungua kipaza sauti nasema "goma la taifa hilo". Wasikilizaji wanapiga simu kuuomba kwa sababu ndio pekee wanaoujua.

Kwa hiyo Kitasa, unaposema watu wote wameukubali, jiulize kwanza nani aliwauliza.

#32 Dada wa Saluni
Baba, hela ya soda ilikuwepo, sikatai. Ila siku hizi mbona redio hatusikilizi? Saluni kwangu ni YouTube na simu za wateja. Mteja anachagua mwenyewe, halipwi na mtu, na bado anachagua huo huo mnaosema umelazimishwa. Nikiweka kitu cha zamani ananiambia "dada unatuombolezea nani?"

#33 Mtangazaji Mstaafu
Na hicho kinachojitokeza juu YouTube unadhani kimepandishwa na malaika?

#34 MC Kabwela
Acheni nifungue kabati langu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sisi tulikuwa watu wa hip hop. Professor Jay, Solo Thang, kanda za Bongo Records. Kijiweni kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa: wabana pua, yaani waimbaji wa kubembeleza, hawasikilizwi. Na adui namba moja alikuwa Mr Nice. Jamaa kaja na mtindo wake wa TAKEU, Tanzania Kenya Uganda, nyimbo anaimba bibi na mtoto wa chekechea, anajaza viwanja nchi zote tatu. Sisi tukikutana tunamponda mpaka jua linazama. Hana mistari, hana ujumbe, anaimba michezo ya watoto.

Nyumbani dada yangu alikuwa na kanda yake. Nilikuwa naisikia ukutani, na mguu unapiga wenyewe chini ya kitanda. Nikasikia mtu anapita dirishani nikautuliza mguu.

Ndiyo maana siamini haya mambo ya kilele na mazoea. Mtu anachukia msanii ili ajulikane yuko upande gani. Ukisema humuwezi Diamond, unatuambia wewe ni mtu mwenye masikio ya maana. Timu Kiba, ya Alikiba, na timu Mondi, ya Diamond, waligombana miaka na miaka, waulize wangapi walisikiliza albamu ya mwenzake.

#35 Kitasa Kibovu
Mkuu hapo umenivua nguo hadharani. Lakini mimi hata Kiba simsikilizi siku hizi.

#36 Simba wa Tandale
Anamsikiliza Jim Reeves.

#37 Zuhura Bint Ally
Kuna sababu mmeiruka wote: tabia ya msanii. Koffi Olomide nilimpenda tangu Loi ya 1997, nilikuwa najua hatua zote. Julai 2016 ikatoka ile video ya uwanja wa ndege wa Nairobi, akionekana anampiga teke mnenguaji wake, Kenya wakamfukuza nchini. Tangu siku ile sauti imebadilika masikioni mwangu, na hakuna noti iliyobadilika kwenye wimbo. Alivyokuja kutoa Waah! na Diamond mwaka 2020 wenzangu wote ofisini wanaserebuka, mimi namwona yule dada.

#38 Mwana Goma
Zuhura, hapo sina la kutetea.

#39 Redio ya Mbao
Lakini tukianza kupima tabia, nani atabaki kwenye kabati la kanda? Wengi wa wale wazee tunaowaabudu hatukuwa na video tu.

#40 Zuhura Bint Ally
Sijasema wewe uache. Umeulizwa kinachokukera, nimejibu kinachonikera.

#41 Fundi Amplifaya
Mimi ni mtu wa spika, naongea ya spika. Kinachowaumiza wengi ni ile mashine ya T-Pain ya kunyoosha sauti. Sauti za waimbaji wote zimepigwa pasi, ukiziweka juu ya besi nzito kwenye spika za kichina za bodaboda zinachoma sikio. Hamchukii wimbo, mnachukia masafa.

#42 Kabati la Kanda
T-Pain aliitangaza tu, hakuiunda. Auto-Tune ilitolewa na kampuni ya Antares mwaka 1997, aliyeiunda ni Andy Hildebrand, mhandisi aliyekuwa akichambua mawimbi ya sauti ardhini kutafuta mafuta. Cher ndiye aliyeivumisha mwaka 1998 na Believe, T-Pain alikuja miaka kadhaa baadaye.

#43 Konda Msomi
Kwa hiyo walikuwa wanatafuta mafuta wakatupatia hawa? Bora wangeendelea kuchimba.

#44 Fundi Amplifaya
Sawa, jina nimelikosea, masafa sijayakosea. Njoo gereji nikuwekee wimbo mmoja kwenye spika mbili tofauti, utaona mmoja unaupenda na mwingine unataka kuupiga nyundo.

#45 Kimya Kimya
Sijawahi kuchangia humu, leo nimesukumwa. Mimi hamna msanii nisiyempenda kwa sababu hamna ninayempenda. Muziki wote kwangu ni sawa na feni. Harusini nasubiri chakula. Ex wangu alinifungulia wimbo wa kuniomba msamaha, nikamwuliza "halafu?"

#46 Nguru wa Chango
Huyu muongo. Binadamu hawezi kuishi hivyo.

#47 Dada wa Saluni
"Halafu?" 😂 Ndio maana ni ex.

#48 Bint Kisauni
Si muongo, wapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona walichapisha mwaka 2014 kuhusu watu wa namna hiyo. Wanasikia vizuri, wanautambua wimbo ni wa huzuni au wa furaha, wakishinda hela wanafurahi kama wengine, ila muziki hauwapi raha yoyote. Hawana sonona wala ugonjwa wa masikio.

#49 Kimya Kimya
Ahsante dada, naituma kwa familia. Mama alikuwa anataka kunipeleka kwenye maombi.

#50 Dr wa Mchongo
Sasa kama kuna mtu ambaye haguswi na muziki wowote, basi inawezekana wapo ambao hawaguswi na aina moja tu. Ubongo wa Kitasa umefunga mlango kwa mdundo fulani. Hakuna bahasha wala timu.

#51 MC Kabwela
Dokta unamtafutia msamaha wa daktari mtu ambaye mguu wake unacheza chini ya meza.

#52 Kitasa Kibovu
Mguu hauchezi. Mke wangu ni shahidi.

#53 Kamati ya Harusi
Wakuu nisaidieni, nimeingia na tatizo hai. Nina harusi Jumamosi, mimi ni mwenyekiti wa kamati. Bibi harusi kanitumia orodha ya nyimbo ambazo zisipigwe kabisa, kuna amapiano yote, kuna gospo fulani ambayo anasema ilipigwa kwenye harusi ya ex wake. Bwana harusi anataka amapiano tupu kuanzia kuingia ukumbini. Mama mzazi wa bwana anataka taarab. Wajomba wa Bukoba wanasema bila Saida Karoli hawatoi zawadi. Na MC niliyempa kianzio hapokei simu tangu juzi.

#54 Nguru wa Chango
Wajomba wapigie Salome ya Diamond, si ndio hiyo hiyo.

#55 Kabati la Kanda
Thubutu! Ya Diamond na Rayvanny ni ya 2016, imejengwa juu ya Maria Salome ya Saida Karoli. Mpelekee mjomba wa Kihaya hiyo ya mjini uone kama bahasha haijarudi mfukoni.

#56 Fidla ya Vuga
Mama mzazi wa bwana apewe taarab yake mapema, kabla ya chakula, ya kukaa kitako. Akishashiba hatouliza.

#57 Wanjiku wa Umoja
Na amapiano zipigwe saa ngapi? Manake huku kwetu zikianza, wazee wote wanaenda parking.

#58 Kamati ya Harusi
Saa nne usiku. Lakini ukumbi uko katikati ya makazi, mwenye ukumbi ananiambia kuna watu wa mazingira wanapita na kipimo cha kelele.

#59 Kabati la Kanda
Kanuni zipo, za mwaka 2015, za kudhibiti kelele na mitetemo, wanaosimamia ni NEMC, baraza la mazingira la taifa. Makazi usiku kiwango kinashuka sana. Omba kibali mapema, na Mama Nasra nawe ukitaka, peleka malalamiko huko.

#60 Mama Nasra
Mwanangu, hilo spika la nyuma ya nyumba linakodishwa na mwenyekiti wangu wa mtaa.

#61 Kamati ya Harusi
Mama shikamoo. Analikodisha shilingi ngapi, na Jumamosi lipo wazi? Naomba namba yake PM.